Kuhamia kihamba: hatua kwa hatua kwa anayetaka kuishi taratibu chini ya Kilimanjaro

Huu ni mwaka wangu wa saba nikiishi kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la Wachagga, huku Uru, kwenye mteremko unaopanda kutoka Moshi mjini kuelekea msituni. Kabla ya hapo nilikaa Tabata, Dar es Salaam, miaka kumi na minne, nikiamka saa kumi alfajiri ili niwahi usafiri. Sikuzaliwa Mchagga wala sikuolewa huku. Nilikuja kwa sababu nilichoka, nikabaki kwa sababu nimepapenda.

Watu wanaotaka kunifuata huanza na swali la ardhi: ekari shilingi ngapi? Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Huku mlimani ardhi ina wenyewe hata baada ya wewe kuilipia, na hao wenyewe ndio unaopaswa kuanza nao. Ndiyo maana hatua ya kununua nimeiweka ya tatu, na ya kupanda nimeiweka mwisho kabisa.

Ninayoandika ni ya upande wa Moshi: Uru, Kibosho, Machame, Old Moshi, Kilema, Marangu. Upande wa Mlima Meru mengi yanafanana, lakini Wameru na Waarusha wana mila zao. Usibebe za huku ukazipeleka kule.

Hatua ya 1: Panga nyumba kwanza, na usije Desemba

Desemba itakudanganya. Mwezi huo Wachagga wa Dar, Mwanza na Nairobi wote wako nyumbani. Kila geti lina gari, kila uwanja una mbuzi anayechunwa, mbege, pombe ya ndizi na ulezi, inanywewa hadi usiku, na wewe mgeni unakaribishwa kila nyumba. Utasema hapa ndipo. Ukirudi katikati ya Januari utakuta nyumba nyingi nzuri zimefungwa, na waliobaki ni wazee, wajukuu wanaolelewa na bibi, na watu wa kazi. Hicho ndicho kijiji utakachoishi nacho miezi kumi na moja.

Kwa hiyo panga vyumba viwili mwishoni mwa Machi, ukae hadi Agosti. Masika hapa ni Machi hadi Mei, na Aprili ndipo utaijua barabara. Njia iliyokuwa nzuri wakati wa Krismasi inakuwa utelezi mtupu. Bodaboda anakushusha nusu ya mlima na unamalizia kwa miguu. Kisha inakuja Juni, Julai na Agosti: baridi na ukungu. Joto hupungua kama nusu digrii kwa kila mita 100 unazopanda, hivyo kijiji kilicho mita mia saba juu ya mji si Moshi ile unayoijua stendi. Nguo ulizofua Jumatatu zinaweza kukauka Alhamisi. Mlima wenyewe unaweza usiuone siku nne mfululizo. Nunua sweta na blanketi nzito kwenye soko la mitumba la Memorial, Moshi mjini, kabla hujapanda mlimani, pamoja na buti za mvua.

Katika miezi hiyo pima mambo haya: mtandao wa simu ukiwa ndani, mlango umefungwa na mvua inapiga bati, umeme unakatika mara ngapi, maji yanatoka siku zipi, na usiku ukiugua ni nani ana gari. Zahanati ya kijiji ni ya malaria na vidonda. Mambo makubwa yanashuka hospitali za Moshi mjini, Mawenzi au KCMC, na mwendo wa huko saa nane usiku wakati wa mvua uuhesabu mapema.

Hatua ya 2: Andika hesabu ya kweli

Vihamba vingi havifiki hekta moja. Vinalisha, kulipa mshahara haviwezi. Kahawa huleta fedha kwa msimu na ndizi huleta fedha ndogondogo, basi. Uwe na kipato kingine kinachofika bila kutegemea mvua: pensheni, kazi ya kompyuta, cherehani, duka.

Kitu ambacho wahamiaji hukisahau kwenye daftari ni michango. Msiba, kipaimara, harusi, paa la darasa, ukarabati wa mfongo (mfereji wa maji wa kijiji). Itengee fungu lake kila mwezi kama unavyotenga ya Luku, na usiihesabu kama hasara. Nitaeleza sababu hapo chini.

Hatua ya 3: Ardhi

Kwanza ujue maneno. *Kihamba* ni shamba la nyumbani, lile lenye migomba, kahawa, miti na nyumba yenyewe. *Shamba* kwa watu wa huku ni ardhi ya chini tambarare, kwenye joto, wanakolima mahindi na maharage. Ukisikia jirani amesema "nashuka shamba", jua hutamwona hadi jioni. Vitu hivi viwili haviuzwi kwa moyo mmoja. Shamba ni mali. Kihamba ni ukoo.

Kihamba hurithishwa, na kwa desturi mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Babu na bibi wamezikwa humohumo, chini ya migomba. Kwa hiyo kijana mmoja akikuambia anauza kihamba cha baba yake kwa haraka kwa sababu ana shida, usitoe hata shilingi. Uliza: ndugu zake wako wapi? Mama yao yu hai? Makaburi yako upande gani, na yatakuwa ya nani baada ya mauzo? Mimi nilikataa viwanja viwili kwa sababu ya swali hili la mwisho, na sijuti.

Ukipata kinachouzwa kihalali, fuata mlolongo huu bila kuruka:

1. Kaa na ukoo mzima, si muuzaji peke yake. Mke au mume wa muuzaji akubali kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inalinda nyumba ya familia isiuzwe bila ridhaa ya mwenza.
2. Tembea mpaka kwa miguu, majirani wote wanaopakana wakiwepo. Waonyeshe wao, wewe sikiliza.
3. Peleka suala halmashauri ya kijiji. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999, na karatasi iliyosainiwa mezani bila kijiji kujua itakuponyoka siku ya mgogoro.
4. Fuatilia hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lako.
5. Kama kipande kinagusa mto, pima mita 60 kutoka ukingo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoharibu mazingira ndani ya eneo hilo, na mito ya Kilimanjaro ina makorongo yanayokula ardhi nyingi kuliko ramani inavyoonyesha.

Na kama huna haja ya kununua, usinunue. Kuna wazee ambao watoto wao wako mbali na wangefurahi kupata mtu wa kuishi kwenye nyumba ya pili ya uwanjani, kutunza kihamba, na kulipa kodi kidogo. Niliishi hivyo miaka miwili, na yote ninayoyajua niliyajua pale.

Hatua ya 4: Jitambulishe, kisha nenda misibani

Wiki ya kwanza nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa mjumbe. Nenda kwa miguu. Sema umetoka wapi, unafanya kazi gani, unaishi kwa nani. Wazee uwape shikamoo, na ukimwita mzee "meku" atatabasamu. "Shimboni", salamu ya Kichagga, inafungua milango mingi, ila usijifanye umeshajua Kichagga: lugha ya Machame na ya Rombo ziko mbali kiasi kwamba wenyewe kwa wenyewe hurudi kwenye Kiswahili.

Uru na Kibosho Wakatoliki ni wengi, Machame na Marangu Walutheri. Popote ulipo, jumuiya ndogondogo za sala ndizo ratiba ya mtaa. Hata kama dini yako ni nyingine, jua siku zao, maana ndipo habari zinaposemwa.

Lakini kinachokufanya uwe mtu wa hapa ni msiba. Mtu akifa, kazi za kijiji zinasimama. Wanaume wanachimba kaburi kihambani, wanawake wanakuja na mikungu ya ndizi, kuni na sufuria. Hakuna anayekuita. Usisubiri ujumbe wa simu. Beba kuni au mkungu, ingia jikoni upande wa nyuma, chukua kisu umenye ndizi na wenzio. Siku ya kwanza watakuambia, "Mama mgeni, kaa kwenye kiti." Kaa kidogo, kisha rudi jikoni. Siku ya tatu hawatakuambia tena.

Ukishaaminika omba kujiunga na kikundi cha kufa na kuzikana. Kiingilio na ada hutofautiana, ila faida ni moja: siku ukifiwa, au ukifa mwenyewe ukiwa mbali na kwenu, watu watakuwepo. Nililipa bima za kila aina mjini, na hakuna iliyonipa usingizi kama daftari la kikundi hiki.

Hatua ya 5: Mwaka wa kwanza usikate, using'oe

Nilipochukua kipande changu nilitaka njia ipanuke ili gari la mizigo lipite. Pembeni mwa njia kulikuwa na mstari wa mimea ya majani marefu ya kijani, imesimama kama ua lililozeeka. Nilimlipa kijana wa kutoka mjini, akaing'oa yote asubuhi moja. Ilikuwa masale.

Jioni ile salamu zilibadilika. Hakuna aliyegomba. Mama wa pili kutoka kwangu, ambaye alikuwa akiniletea maziwa, aliacha kuja. Baada ya wiki mbili nilimfuata mzee mmoja nikamuuliza kosa langu. Alinitazama kwa muda, akasema: "Mwanangu, ile si mimea. Ni maneno ya wazee wetu." Isale ndiyo alama ya mpaka. Huota juu ya makaburi ya wahenga, na ndiyo jani mtu analolishika anapokwenda kuomba msamaha; anayepelekewa isale huona vigumu sana kukataa. Mimi nilikuwa nimefuta mpaka uliowekwa kabla ya mkoloni kupima chochote, bila kuuliza mtu.

Mzee yule alinipeleka. Nilishika jani la isale mkononi, tukaingia kwa jirani jioni, nikasema nimekosa. Tulipanda mengine pamoja kesho yake, wao wakinionyesha mstari ulipopita. Njia yangu bado ni nyembamba, na mizigo inapita kichwani au kwenye toroli.

Kwa hiyo kanuni ninayompa kila mtu ni hii: miezi kumi na miwili ya kwanza usikate mti, using'oe mmea usioujua jina, usibadilishe njia, usijenge ukuta. Chukua daftari, tembea na mtu mzima wa hapo, andika kila kitu kinaitwaje na kina kazi gani. Utagundua kihamba ni nyumba ya ghorofa. Juu kabisa kuna mringaringa, mfuruanje na mgrevilea, inayoleta kivuli, mbao na kuni. Chini yake migomba. Chini ya migomba kahawa. Chini ya kahawa magimbi, maharage, mnavu, na viazi vikuu vimepanda juu ya shina la mti. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliitambua Shimbwe Juu, hapahapa Uru, kuwa urithi wa kilimo wa dunia kwa sababu ya mpangilio huo. Anayekuja na trekta la mawazo ya "kusafisha shamba" anabomoa ghorofa hiyo siku moja.

Siku ukihitaji kukata mti, hata ule uliosimama kwako, uliza kwanza ofisi ya kijiji kuhusu kibali. Na msitu wa juu ni hifadhi ya taifa. Kuni zako zitoke kwenye matawi unayopogoa.

Hatua ya 6: Maji yana zamu

Kuna maji ya bomba, ambayo vijijini husimamiwa na vyombo vya watumia maji chini ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na kuna mfongo. Mfongo ni mfereji uliochimbwa na wazee kutoka mtoni juu, ukazungushwa kwenye kingo za mlima hadi kihambani. Mingine imekauka, lakini inayofanya kazi ina kiongozi na zamu. Uliza siku yako na saa yako. Ukifungua maji siku isiyo yako umeiba, hata kama yanapita mlangoni kwako.

Mfongo unasafishwa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Siku hiyo beba jembe na panga uende mwenyewe; kutuma fedha badala ya mikono kunakubalika kwa mgonjwa na mzee, mwingine akifanya hivyo watu wanaliona. Ni siku nzuri pia. Utaona chanzo, utajua nani ni nani, na mtakula pamoja.

Ukipata nafasi weka mifereji kwenye bati na tangi. Mvua ya vuli, Oktoba hadi Desemba, hujaza tangi la lita elfu tano haraka kuliko unavyodhani.

Hatua ya 7: Ng'ombe asubiri

Najua picha uliyonayo: ng'ombe mmoja bandani, maziwa asubuhi. Ng'ombe wa huku hachungwi, analetewa. Mwenye uzito wa kilo 350 anahitaji majani mabichi kama kilo 35 hadi 40 kila siku, na maji lita nyingi juu yake. Hiyo ni mizigo miwili ya kichwani, kila siku, Krismasi ikiwemo. Wanawake wengi wa hapa shingo zao zimeumia kwa kazi hiyo, na kuiona ni starehe ya mtu wa mjini ni kuwakosea heshima.

Anza na kuku watano. Panda matete na majani ya guatemala kwenye kingo, yakizuia udongo usiporomoke. Yakishaota ya kutosha, ndipo umwaze ng'ombe. Kabla ya hapo nunua maziwa na samadi kwa jirani. Fedha yako inamfaa kuliko ng'ombe wako anavyokufaa wewe. Ukifika wakati, uliza kama kuna mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ambapo unapewa mtamba na kurudisha ndama jike kwa mwingine.

Hatua ya 8: Sasa panda

Kahawa uliyoikuta usiing'oe kwa sababu imezeeka. Shina la zamani likikatwa chini vizuri huchipua upya. Kama unataka miche mipya, kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI kiko Lyamungu, wilaya ya Hai, na kina aina zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, magonjwa mawili yaliyowafanya wazee watumie fedha nyingi kwenye dawa. Chuma nyekundu tupu, uimenye siku hiyohiyo, na uuze kupitia ushirika wa kijijini. Ushirika huku una mizizi. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ilianza 1933.

Mgomba ndio utakaokulisha. Ujifunze huu vizuri.

Omba machipukizi kwa jirani, usinunue barabarani. Chagua yale yenye majani membamba kama sime. Yenye majani mapana yakiwa bado mafupi ni dhaifu. Uliza jina: mshare kwa mtori na machalari (vyakula vya ndizi za kupika), kisukari kwa kula mbivu, na kuna za kupikia mbege pamoja na ulezi. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande mwezi mmoja kabla ya mvua, tenga udongo wa juu, uuchanganye na madebe mawili au matatu ya samadi iliyooza. Umbali uwe kama mita tatu. Kabla ya kupanda menya kitako cha chipukizi hadi kiwe cheupe. Ukiona vijitundu vya kahawia, fukusi ameshaingia, litupe mbali na kihamba.

Ukishaota, kila shina lina familia ya watatu: mama anayezaa, mtoto anayekua, mjukuu anayechungulia. Mengine yote yatoe. Wageni wanaona huruma kuyatoa, matokeo yake wanapata msitu wa migomba na mikungu ya kushika kwa mkono mmoja. Majani makavu na vigogo vilivyokatwa vilaze chini palepale, vihifadhi unyevu. Mkungu ukianza kulemea, egemeza mti wenye panda.

Utasubiri mwaka hadi mwaka na nusu, na vijiji vya juu kwenye baridi zaidi ya hapo. Katika kusubiri huko ndipo nilipoelewa maana ya kuishi taratibu. Kazi hazikupungua, naamka saa kumi na mbili, nafagia uwanja, napeleka mabaki kwa kuku, napalilia hadi jua lifike juu, nafanya kazi yangu ya kompyuta mchana, jioni naketi jikoni na atakayepita. Kilichopungua ni kukimbizana. Mgomba hausikii haraka yako.

Mkungu wa kwanza ukikomaa usiukate peke yako. Mmoja ashike mkungu, mwingine akate kigogo katikati taratibu hadi uiname wenyewe bila kuanguka chini, kwani ndizi ikipigwa inaoza. Kata kigogo kilichobaki vipande, umpelekee mwenye ng'ombe. Mkungu wenyewe mpelekee aliyekupa chipukizi. Nenda asubuhi na mapema, kabla hajashuka shamba.